Maswali yenu: Mitingi ya kuacha pombe iko wapi, na ukifika unafanya nini?

Tangu tuguse habari za pombe toleo lililopita mmeandika sana, wengi usiku wa manane, na karibu kila mmoja anaomba jina lake lisionekane. Halitaonekana la mtu yeyote. Leo nimechukua barua zinazozunguka jambo moja, ile mikutano ya watu wanaoacha pombe kwa kusaidiana wenyewe kwa wenyewe, unaipata wapi, unaingiaje, na kama itakufaa kweli. Nimezifupisha kidogo lakini maneno ni yenu.

Shangazi, mimi ni kijana wa Nakuru, niko kwa duka la hadwea. Nilianza na keg za wikendi na mabeshte, sahii ni kila siku na nikikosa pesa nashuka kwa chang'aa. Nimeacha mara nyingi tu, nakaa kama wiki mbili alafu narudi vibaya kuliko pale mwanzo. Kuna mzee mmoja kastoma wetu aliniambia yeye aliacha kwa mitingi ya AA ila niliona haya kumuuliza zaidi. Hizo mitingi ziko wapi? Ni pesa ngapi? Na wanaandika majina? Maana bosi akijua nimeisha.

Kijana wangu, tuanze na pesa maana hiyo ni rahisi, ni bure kabisa. AA ni Alcoholics Anonymous, ni watu wenye shida ya pombe wanaokaa pamoja wasaidiane wasikunywe leo, hakuna daktari wala mchungaji anayewaendesha, hakuna kadi ya uanachama. Kuna kikapu huzungushwa cha chai na kodi ya ukumbi, aliye nacho anaweka, asiye nacho anampitishia wa pembeni na hakuna anayekukodolea macho. Hata misaada ya serikali ama kampuni hawachukui, walijiwekea hivyo tangu zamani wasije wakawekwa mfukoni na mtu. Sharti la kuingia ni moja tu, uwe unataka kuacha. Hawasemi mpaka uwe umeshaacha, wanasema uwe unataka.

Jina hawaandiki. Unajitaja jina moja, na ukitaja la uongo hakuna atakayekuomba kitambulisho. Huwa wanakumbushana kwamba yanayosemwa pale yanabaki pale, na kwa kweli watu wengi wanaliheshimu hilo kwa sababu kila mmoja ana siri yake juu ya meza. Lakini nikuambie wazi, hiyo ni ahadi ya mtu na mtu, si sheria kama ile inayombana daktari, kwa hivyo kama una jambo la kortini ama la kukufunga usilimwage pale, mpelekee wakili. La kunywa kwako mwaga lote. Na ukitaka usalama zaidi uliza kama mitingi ni ya wazi au iliyofungwa: ya wazi hata jamaa na wanafunzi wanaweza kukaa wasikilize, iliyofungwa ni ya wenye shida ya pombe peke yao.

Sasa wapi. Mimi ningekuambia anzia kwa huyo mzee. Najua unaona haya, lakini hebu fikiria alichofanya, alisimama kwenye kaunta ya hadwea akamwambia kijana asiyemjua vizuri kwamba yeye alikuwa mlevi. Hakusema vile kwa bahati mbaya, alikuona. Kwenye hatua 12 za AA, ya mwisho ni kumpelekea ujumbe huu mlevi mwingine, na wao wanaamini kwamba kumsaidia mwenzao ndiko kunakowafanya wenyewe wasirudi, kwa hivyo ukimuuliza humsumbui, unampa kitu anachokihitaji. Mwambie tu "mzee, ile mitingi uliniambia, naweza kwenda na wewe?" Kuingia mlango ule na mtu anayejua wapi pa kukaa ni tofauti kubwa sana na kuingia peke yako.

Mzee akikosekana, piga 1192, ni namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, na ni bure kutoka simu yoyote Kenya, waambie unatafuta grupu la AA karibu na Nakuru. Kwenye simu kuna programu ya bure inaitwa Meeting Guide inayoweza kukuonyesha mitingi zilizo karibu na pale ulipo, ama tafuta kwenye intaneti AA Kenya pamoja na jina la mji. Ukipata namba piga kwanza kabla hujapanda matatu, kwa sababu kumbi hubadilika na saa hubadilika, na mtu akifika akakuta mlango umefungwa huwa anageuka moja kwa moja kuelekea baa. Usishtuke wakikuelekeza kanisani ama hospitalini, wamepewa chumba tu.

Ukifika utakuta nini? Nimewahi kukaa kwenye mitingi za wazi, nikuelezee nilichokiona. Viti vya plastiki kwa duara, thamosi ya chai juu ya meza, karatasi zimefunikwa plastiki zinapitishwa watu wasome kwa zamu, AA ni nini, hatua ni zipi. Halafu anaanza mmoja, "naitwa fulani, mimi ni mlevi", wote wanamwitikia jina lake, na anasimulia. Hakuna anayemkatiza, hakuna anayemjibu, hakuna wa kumwambia ungefanya hivi. Akimaliza wanamshukuru, anaendelea mwingine. Ikifika zamu yako na hutaki kuongea unasema napita, basi. Kulikuwa na mama mmoja mgeni siku hiyo, mikono ilikuwa inamtetemeka mpaka akashindwa kukishika kikombe, na jamaa aliyekuwa anagawa chai bila kusema neno akakichukua, akamwaga nusu, akamrudishia. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Watu wote mle ndani walikuwa wanajua kikombe kilichojaa kina shida gani asubuhi kama ile.

Inachukua saa moja ama moja na nusu, mnafunga kwa dua fupi ya kuomba utulivu. Na tafadhali ikiisha usitoroke. Ile robo saa ya kusimama nje na chai ndiyo watu wanapeana namba, na namba hiyo ndiyo utaipigia Ijumaa saa kumi na moja mshahara ukiingia. Wageni wengi wanakimbia pale pale halafu wanasema mitingi haikunisaidia. Baadaye utatafuta sponsa, mtu aliyekaa muda mrefu bila pombe ambaye atakupitisha kwenye hizo hatua, usiharakishe, sikiliza kwanza ni nani anaongea kama mtu unayetaka kufanana naye. Na usihukumu kwa grupu moja. Kuna grupu la wazee watupu, kuna la vijana, kuna lililochangamka na lililolala, kama la kwanza halikukuingia jaribu jingine kabla ya kusema AA si yangu.

Shangazi, nimeamua Jumatatu naacha kabisa. Shida ni asubuhi natetemeka mpaka nipate kidogo ndio natulia, na mwaka jana nilivyoacha siku ya pili nilianguka watu wakasema ni kifafa. Niende mitingi Jumatatu hiyo hiyo? Niko Kitale.

Usiache peke yako nyumbani. Nakuomba sana. Mwili uliozoea pombe kila siku ukiikosa ghafla unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa kabisa, aone vitu ambavyo havipo, joto lipande, moyo uende mbio, na watu wanakufa na hiyo hali. Wewe ulishaanguka mara moja, kwa hivyo hatari yako ni kubwa kuliko ya mtu mwingine.

Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti kabla ya Jumatatu, uwaambie bila kupunguza unakunywa kiasi gani, kutetemeka kwako na kule kuanguka. Kuna dawa za kukushusha taratibu kwa siku chache na vitamini B1 ya kulinda ubongo, wao ndio watasema kama utalazwa. Mpaka umwone daktari usikate ghafla. Mitingi itafuata ukishatulia, na ukimpata mtu wa AA anaweza hata kukutembelea wodini. Na kama kuna mtu huko kwenye grupu atakuambia utupe dawa za daktari kwa sababu eti kuacha ni kuacha vyote, usimsikilize, AA wenyewe wanasema mwanachama asijifanye daktari wa mwenzake.

Anti shikamoo. Niko Dar, Mbagala. Mume wangu ni fundi magari, anakunywa konyagi kila siku na hela ya shule ya watoto inaishia huko. Nikimwambia kuhusu hiyo mikutano anasema mimi si mlevi, mlevi ni yule analala mtaroni. Sasa kuna mtu ananiuzia dawa ya unga, anasema niweke kwenye uji bila yeye kujua ataichukia pombe mwenyewe. Anti nifanye hivyo? Au nitafute vijana wambebe kwa nguvu nimpeleke?

Marahaba mwanangu, pole, na pole kwa watoto.

Huo unga usiuweke. Hujui ni nini, na anayekuuzia hana la kupoteza. Kuna dawa halali ya hospitali inaitwa disulfiram, huenda hata ndiyo hiyo wanayoisaga, na kazi yake ni kwamba mtu akiinywa halafu akanywa pombe anaumwa vibaya, uso unawaka, anatapika, moyo unakimbia, presha inaanguka. Mtu anayejua amemeza ataikwepa pombe. Mtu asiyejua atakwenda kunywa chupa yake kama kawaida na anaweza kufia kijiweni, hata siku kadhaa baada ya ule uji, kwa sababu dawa hiyo inakaa mwilini mpaka wiki mbili. Daktari anaipa mtu aliyekubali mwenyewe na aliyepimwa moyo na ini. Na hata asipokufa, siku akigundua mkewe anamtilia vitu kwenye chakula hamtakuwa tena na nyumba ya kuokoa.

Kumbeba kwa nguvu vilevile sikushauri, mkutano hauna mlango wa kufungia mtu, atakaa dakika tano atoke na hasira atazileta nyumbani.

Wewe ndiye uanze kwenda. Kuna mikutano ya ndugu wa walevi, inaitwa Al-Anon, ilianzishwa 1951 na wake za watu waliokuwa kwenye AA kwa sababu waliona wao nao wamebaki na majeraha, hata mume anapoacha. Pale hufundishwi jinsi ya kumwachisha mtu pombe. Unajifunza mambo ambayo najua unayafanya sasa hivi kwa mapenzi na yanamsaidia kuendelea, kumpigia bosi kusema ana malaria, kumlipia deni la grosari, kumwogesha na kumbadilisha nguo kabla watoto hawajaamka ili asubuhi asione alichofanya. Kama hujapata kikundi karibu, Al-Anon wanakutana pia kwa simu na intaneti. Ada ya watoto itenge isipite mkononi mwake, ongea na mwalimu mkuu ulipe kidogo kidogo moja kwa moja.

Na yeye, zungumza naye asubuhi akiwa hajanywa, si usiku. Usimwite mlevi, neno hilo analisubiri ili abishane nalo. Taja kitu kimoja alichokifanya, kwa mfano "jana ulisahau kumchukua mtoto shule, alikaa mpaka saa moja usiku", halafu unyamaze. Akikubali hata kidogo, kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa au Muhimbili watampokea, na akisema "nitaenda huko kwenye mkutano nione tu", mpeleke jioni hiyo hiyo, usisubiri wiki ijayo. Akikupiga, hiyo ni habari nyingine, ondoka na watoto kwanza na uende dawati la jinsia polisi, mambo ya pombe yatazungumzwa baadaye.

Assalamu alaykum Shangazi. Mimi ni mwanamke wa Mombasa, nina mume na watoto, na nakunywa. Hakuna anayejua, naweka kwenye chupa ya soda. Ramadhani naacha mwezi mzima, Idi ikipita wiki moja narudi. Nasikia hizo mitingi ziko makanisani na wanaomba dua za Kikristo. Mimi na buibui langu nitaonekanaje naingia kanisani? Na Mwenyezi Mungu atanielewa?

Wa alaykum salaam binti yangu. Kuliandika hili kumekugharimu, nimelisoma kwa heshima.

AA haina dini. Ilizaliwa Marekani katikati ya Wakristo na harufu hiyo haijatoka yote, grupu nyingine zinafunga kwa sala ya Kikristo na wewe una haki ya kukaa kimya na ukaleta dua yako moyoni. Hatua zao zinasema Mungu kadiri kila mtu anavyomfahamu, na AA iko kwenye nchi kama 180 hivi, zikiwemo za Waislamu. Wala usitazame mbali, tazama Unguja hapo. Tangu 2009 sober house ya kwanza, yaani nyumba ya kuishi wanaoacha ulevi, ilipofunguliwa, vijana Waislamu wanaoswali swala tano wamekuwa wakipitia hatua hizi hizi 12, wengi kwa ajili ya unga, yaani dawa za kulevya, na si pombe, lakini njia ni ile ile na haijamtoa mtu kwenye dini yake. Toba ni yako na Mola wako. Mitingi ni ya kukusaidia usiirudie kesho.

Usiende kanisani kwanza. Anza na mitingi ya intaneti, tafuta orodha ya mitingi za mtandaoni za AA, zipo usiku na mchana na zipo za wanawake watupu. Unazima kamera, unaweka herufi moja mahali pa jina, unavaa hedifoni watoto wakilala, unasikiliza tu. Ukishasikia mwanamke mwingine akisema mahali anapoficha chupa, kitu fulani kitalegea kifuani, nina hakika nacho. Baadaye omba namba ya mwanamke, narudia, mwanamke. Sponsa wako asiwe mwanamume, na mwanamume yeyote anayemkimbilia mgeni wa kike kwa namba na lifti mkwepe, hata awe ameacha pombe miaka ishirini.

Kuhusu Ramadhani, wewe mwenyewe umeona unaweza kuacha. Kinachokushinda ni kukaa umeacha wakati ile saumu, ile swala ya pamoja na ule utaratibu wa nyumba nzima umeondoka na umebaki peke yako jikoni. Kwa hiyo tafuta mitingi yako Ramadhani ikiwa bado inaendelea, ili Idi ikikukuta una watu.

Shangazi nakusoma kutoka Ohio, Marekani, nafanya kazi ya kutunza wazee, shifti za usiku. Mitingi hapa ni tele lakini Mwafrika ni mimi peke yangu, wanaongea haraka, wanacheka vitu sielewi. Na kwa kweli sioni kuongea tu kunanisaidiaje, si ni maneno.

Ndugu yangu uko Ohio, basi uko kule kule hiyo kitu ilikoanzia. Mei 1935 kulikuwa na Bill, mtu wa soko la hisa la New York, alikuwa ameacha pombe miezi michache, akaja Akron kwa biashara ikamwendea vibaya. Akabaki kwenye ukumbi wa hoteli, upande mmoja baa inachangamka, upande mwingine simu. Akapiga simu kwa watu wa makanisa akiuliza kama wanamjua mlevi yeyote anayehitaji msaada, maana alihisi asipoongea na mlevi mwenzake atakunywa. Wakampeleka kwa Bob, daktari mpasuaji aliyekuwa ameshashindwa na kila dawa na kila maombi. Bob alikubali kumpa dakika kumi na tano tu, wakakaa masaa. Alirudi kunywa mara moja, na mara yake ya mwisho ilikuwa tarehe 10 Juni mwaka huo, siku ambayo AA wanaihesabu kuwa ya kuzaliwa kwao. Nyumba yake Akron bado iko, watu wanaitembelea.

Kwa hiyo si maneno tu, ni maneno ya nani. Bob alishahubiriwa na watu wengi, Bill ndiye wa kwanza aliyemweleza ulevi kutoka ndani. Na wataalamu wamepima pia: mwaka 2020 ulitoka uchambuzi wa tafiti 27 zenye watu zaidi ya elfu kumi, wakaona mipango ya kumuunganisha mtu na AA inasaidia kukaa bila pombe sawa na tiba nyingine za mazungumzo, na mara nyingi zaidi yake. Kama hatua zenyewe hazikuingii kuna SMART Recovery, hao hawaendi kwa mambo ya Mungu, wanakufundisha mbinu za kushika tamaa na mawazo.

Lakini nasikia zaidi upweke kwenye barua yako. Grupu za Kenya zinakutana pia kwa Zoom, na wewe unayefanya kazi usiku zinakufaa, saa mbili usiku ya Nairobi huko kwenu kiangazi ni saa saba mchana. Chukua moja ya nyumbani usikie mtu akilia kwa lugha yako, na moja ya hapo ulipo usiiache, kwa sababu ukizidiwa saa tisa usiku anayeweza kuja na gari ni yule anayeongea haraka. Mwambie apunguze mwendo. Atapunguza.

Nilikuwa nimekaa karibu mwaka bila pombe, grupu lilinipa hata ile sarafu yao ya kuhesabu muda bila pombe. Juzi kwenye matanga nikanywa. Sasa sponsa anapiga simu sishiki. Nirudi vipi na aibu hii? – Eldoret

Shika simu. Mwambie "nimekunywa", hakuna neno jingine linalohitajika, yeye amewahi kusikia hilo kwa wengi na inawezekana amelisema mwenyewe. Kama umekunywa siku nyingi mfululizo na unatetemeka pitia hospitali kwanza, nimeeleza kwa yule wa Kitale. Kama ni mara moja tu, nenda mitingi ya leo jioni kabla hujala kabla hujalala, fika mapema, kaa karibu na mtu unayemjua na useme mwanzoni kabisa mwa zamu yako kabla koo halijakaza. Mliyojifunza mwaka mzima hayajafutika. Halafu kaa chini na sponsa mwangalie yale matanga yalikuwaje, ulikuwa na njaa, hasira, upweke au uchovu, nani alikuwekea glasi mkononi, na mazishi yajayo utakwenda na nani na utaondoka saa ngapi.